Rada za Ncha ya Dunia na Watu Wasiotaka Kuuliza

Kuna maneno mawili ambayo nimeyasikia mara nyingi tangu nistaafu, katika vikao vya wazee, katika mabaraza ya kahawa, na hata katika mikutano ya wazazi shuleni, mahali ambapo mtu angetarajia kusikia mambo ya akili. Neno la kwanza ni hili: kwamba mataifa tajiri yana fedha za kuchezea, ndiyo maana yamejenga mitambo ya rada kule kwenye barafu, kwenye ncha za dunia, ili kupima anga tupu lisilo na mtu wala ndege, na kwamba jambo hilo halituhusu sisi hata kidogo. Neno la pili ni hili: kwamba mitambo hiyo ndiyo inayotuletea mafuriko na ukame, kwa kuwa inaamrisha mawingu. La kushangaza ni kwamba mara nyingi maneno yote mawili hutoka katika kinywa kimoja, na jioni ile ile. Mtambo usiotuhusu hata kidogo ndio huo huo unaotuzamisha!

Nimekuwa mwalimu kwa miaka zaidi ya thelathini, na sehemu nzuri ya miaka hiyo niliitumia katika chuo cha ualimu, nikiwafundisha vijana namna ya kufundisha sayansi, kabla sijakabidhiwa shule ya kuiongoza. Kwa hiyo siwezi kuyasikia maneno haya nikanyamaza na kunywa kahawa yangu. Nitayajibu moja baada ya jingine. Lakini kwanza, ndugu msomaji, tuelewane juu ya kitu chenyewe, kwa maana mabishano mengi katika nchi hii huendeshwa na watu ambao hawajauliza kinachobishaniwa ni nini.

Mvua yetu yote, mawingu yetu yote na radi zetu zote zimo katika tabaka la chini la hewa, ambalo hapa kwetu karibu na Ikweta halizidi sana kilometa 16 au 17 kwenda juu. Kilele cha Kilimanjaro kiko mita 5,895. Ndege kubwa za abiria huruka kama kilometa 10 au 12. Sasa panda zaidi, upite hayo yote, mpaka kilometa 60, 80, 100, 300. Huko hewa ni nyembamba mno, nayo miali mikali ya jua huzipiga chembe zake na kuzinyang'anya elektroni. Matokeo yake ni tabaka la chembe zenye umeme, ambalo vitabu vya shule huliita ionosfea. Hilo ndilo linalopimwa na rada ninazozungumzia.

Kwa nini basi lipimwe kwenye ncha za dunia? Hapa sina haja ya maneno makubwa. Mwalimu yeyote wa sayansi aliyefanya kazi yake anaikumbuka sumaku iliyowekwa chini ya karatasi, na chenga za chuma zikinyunyizwa juu yake. Chuoni hatukuwa na vifaa vya kutosha. Tulichomoa sumaku kutoka katika spika za redio mbovu, na chenga tulizipata kwa fundi wa vyuma. Chenga zile hujipanga katika mistari, na mistari yote hukusanyika na kusongamana kwenye ncha mbili za sumaku. Dunia yetu nayo ni sumaku. Jua hutupa angani, mchana na usiku, chembe zenye umeme ambazo wataalamu huziita upepo wa jua. Sehemu kubwa ya upepo huo hukingwa na sumaku ya dunia. Lakini kwenye pande za ncha mistari ile huinama na kuingia ardhini, na chembe huifuata kama maji yanavyofuata mfereji. Zikigonga hewa ya juu, hewa huwaka rangi ya kijani na nyekundu. Ndiyo mianga ya ajabu inayoonekana Norway, Alaska na Antaktika. Mnorway mmoja, Kristian Birkeland, aliyejenga kituo chake cha uchunguzi juu ya mlima wa Haldde mwaka 1899, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuthubutu kusema kwamba chanzo cha mianga hiyo ni chembe zitokazo kwenye jua, na wengi hawakumsadiki mpaka alipokwisha kufa.

Basi ncha za dunia ni mlango. Anayetaka kujua nani anaingia nyumbani haketi jikoni, huketi mlangoni.

Sasa nitoe jibu kwa yule wa kwanza, anayesema hayatuhusu. Naomba nimkumbushe jambo la nyumbani. Baba yangu mdogo hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini alikuwa na redio ya betri, na alijua kwamba London mchana inatafutwa kwenye mita 19 au 25, na usiku inatafutwa kwenye mita 49. Alijua pia kwamba kuna siku redio inakuwa bubu, hata betri ziwe mpya namna gani. Aliniuliza sababu. Swali lake lilikuwa bora kuliko maswali mengi niliyoyasikia baadaye kwa watu wenye shahada. Mawimbi yale mafupi yalitoka Ulaya yakapanda juu, yakagonga ionosfea, yakarudi chini kwetu. Bila tabaka lile, sauti ya London, ya Cologne, ya Moscow isingefika kijijini kwetu. Wala sauti ya Radio Tanzania Dar es Salaam isingewafikia kwa mbali wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika waliokuwa wakiisikiliza kwa siri. Mchana tabaka la chini la ionosfea huyameza mawimbi yaliyo marefu zaidi, na usiku tabaka hilo hutoweka. Ndiyo maana ya kuhama kutoka mita 19 kwenda mita 49. Mzee yule aliishi na ionosfea mkononi mwake miaka yote. Leo mwanawe aniambie haimhusu!

Na elimu hiyo ilianzaje? Marconi alitangaza kwamba tarehe 12 Desemba 1901 alisikia huko Newfoundland ishara iliyotumwa kutoka Cornwall, Uingereza, ng'ambo ya bahari. Watu walistaajabu, maana mawimbi huenda moja kwa moja na dunia ni mviringo. Mwaka uliofuata Kennelly wa Marekani na Heaviside wa Uingereza, kila mtu kwake, walisema lazima kuna tabaka juu linaloyarudisha. Desemba 1924 Edward Appleton na mwenzake Barnett walilithibitisha kwa kutumia mtambo wa BBC wa Bournemouth. Kisha Appleton, katika Mwaka wa pili wa Kimataifa wa Ncha, 1932 hadi 1933, aliongoza msafara mpaka Tromsø, kaskazini kabisa mwa Norway. Huko alikuta jambo: sumaku ya dunia inapochafuka, mwangwi wa redio kutoka juu unapotea kabisa, kana kwamba tabaka limeyanywa mawimbi yote. Mwaka 1947 alipewa Tuzo ya Nobel. Hilo ndilo lingekuwa jibu la swali la baba yangu mdogo kuhusu siku za redio bubu: lilitafutwa kwenye barafu, kwa sababu huko ndiko ugonjwa unakoanzia.

Tangu hapo vyombo vimekuwa vikubwa. Mwaka 1975 nchi sita za Ulaya, yaani Norway, Sweden, Finland, Uingereza, Ufaransa na Ujerumani Magharibi ya wakati ule, ziliunda shirika liitwalo EISCAT, na rada yao ya kwanza, yenye mtambo wa kurusha karibu na Tromsø na vipokezi Kiruna na Sodankylä, ikaanza kupima mwaka 1981. Mwaka 1996 wakafungua nyingine Svalbard, karibu na mji wa Longyearbyen, nyuzi 78 kaskazini, mahali ambapo jua halichomozi kabisa tangu mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Februari. Huko zipo sahani mbili: moja ya upana wa mita 32 inayogeuka, na nyingine ya mita 42 iliyokazwa kutazama sawasawa na mstari wa sumaku. Kazi yake inahitaji uvumilivu mwingi. Mtambo hurusha nguvu kubwa juu, na elektroni hurudisha kidogo mno. Ukikusanya elektroni zote zilizomo ndani ya mwali kwenye kimo cha kilometa 300, kinachorudisha mwangwi hakizidi ukubwa wa punje ya mahindi. Lakini punje hiyo husema mengi. Nguvu ya mwangwi hueleza wingi wa elektroni. Kutawanyika kwa mawimbi hueleza joto la chembe. Na kupanda au kushuka kwa sauti yake, kama vile honi ya basi inavyobadilika linapokupita barabarani, hueleza kasi ya mwendo. Kuanzia Machi 2007, katika Mwaka mwingine wa Kimataifa wa Ncha, rada ya Svalbard ilipima mwaka mzima mfululizo.

Ziko pia rada za aina nyingine, ndogo na za bei nafuu zaidi, zilizoanzia na ile ya Goose Bay, Labrador, mwaka 1983, na sasa ni mtandao wa rada zaidi ya 30 uitwao SuperDARN, kaskazini na kusini. Hizi hutumia mawimbi ya megahezi 8 hadi 20. Naomba msomaji aitazame hesabu hiyo. Ni mawimbi mafupi yale yale ya redio ya baba yangu mdogo.

Mpinzani wangu atasema: sawa, lakini siku hizi watu wana simu, nani anasikiliza mawimbi mafupi? Ndipo hoja yake inapozidi kudhoofika. Tarehe 13 Machi 1989 dhoruba ya sumaku iliuangusha mtandao wa umeme wa Quebec, Canada, kwa muda wa dakika moja na nusu hivi, na watu kama milioni 6 wakakaa gizani kwa saa 9. Februari 2022 kampuni ya Starlink ilirusha setilaiti 49. Dhoruba isiyokuwa kali hata kidogo ikaipasha joto hewa ya juu, hewa ikavimba, na setilaiti 38 zikaburuzwa zikaanguka na kuteketea. Leo wako watu Kenya wanaopata intaneti kwa setilaiti za kampuni hiyo hiyo. Je, bado hayawahusu?

Tena kuna jambo la karibu zaidi. Ikweta ya sumaku inapita Ethiopia, na pande zake mbili elektroni hurundikana kwa wingi kuliko karibu mahali popote duniani. Dhoruba inapoingia kwa mlango wa ncha, umeme wake hufika kwetu mara moja, kabla hata ya saa moja kwisha; na baada ya saa kadhaa hufuata pepo za anga la juu zilizosukumwa na joto la huko, nazo huvuruga tabaka la kwetu. Mvuvi anayetafuta njia kwa GPS na rubani anayetua usiku hutegemea mawimbi ya setilaiti yanayopita katika tabaka hilo. Kinachopimwa Svalbard leo asubuhi kinaweza kuwa juu ya paa lako leo jioni.

Nimgeukie sasa yule wa pili, anayesema rada zinaleta mafuriko. Mara nyingi hutaja mtambo wa HAARP ulioko Gakona, Alaska. Huo hasa si rada. Ni mtambo wa kuipasha joto kidogo sehemu ya ionosfea ili wataalamu waone inavyojibu. Una antena 180 na nguvu ya megawati 3.6. Neno megawati hutisha, basi tupige hesabu kama watoto wa shule. Jua la saa sita mchana, siku isiyo na mawingu, hupiga kila mita moja ya mraba kwa nguvu ya wati 1,000 hivi. Megawati 3.6 ni wati 3,600,000. Gawanya: ni mita za mraba 3,600. Yaani mtambo wote ule wa Alaska ukiwashwa mpaka mwisho una nguvu sawa na jua linalopiga nusu ya kiwanja cha mpira. Nusu ya kiwanja! Na mawimbi yake hupita katika tabaka la mvua bila kulipasha joto, kama yalivyopita mawimbi ya redio juu ya nyumba zetu miaka yote. Anayeamini kwamba nguvu hiyo huleta masika ya Afrika Mashariki na aeleze kwa nini kiwanja cha shule yake hakileti.

Nitakubali jambo moja, kwa kuwa haki ni haki. Mtambo ule ulianza kujengwa mwaka 1993 kwa fedha za jeshi la anga na jeshi la majini la Marekani, na penye askari na uzio watu hushuku. Si ujinga kushuku. Lakini mwaka 2015 ulikabidhiwa kwa Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks, na wageni wamekuwa wakikaribishwa kuutembelea. Mwenye kushuku kwa haki huendelea kuuliza mpaka apate jibu. Mwenye kushuku kwa uvivu hukataa jibu linapokuja.

Na uvivu huo, ndugu msomaji, una gharama. Mwisho wa mwaka 2023 mvua kubwa ziliinyesha Afrika Mashariki, wakati maji ya Pasifiki na ya upande wetu wa Bahari ya Hindi yalipokuwa na joto kupita kawaida, jambo lililotabiriwa na kutangazwa mapema. Tarehe 3 Desemba 2023 matope kutoka Mlima Hanang yaliwafunika watu wa Katesh, na zaidi ya 80 wakafariki. Bonde la Msimbazi pale Dar es Salaam limefurika mara ngapi? Ukisema mafuriko yametumwa kutoka Alaska, umemfurahisha nani? Umemfurahisha aliyegawa viwanja bondeni. Umemfurahisha aliyepaswa kuzibua mifereji na hakuizibua. Umemfurahisha aliyesikia tahadhari ya watabiri akaiweka mezani. Wote hao hukaa kimya na kukuacha uendelee kuwalaani Wamarekani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa hauzibwi na mtu anayetazama Alaska wakati ufa uko nyuma yake.

Wapo wenzangu wenye elimu ambao hawaamini uvumi huo, lakini hunijibu kwa namna nyingine: kwamba Mwafrika hana kazi kwenye barafu, sisi tushughulikie jembe kwanza. Maneno hayo yana sura ya busara, nami ndiyo ninayoyachukia kuliko yote, maana hutolewa na watu waliosomeshwa kwa jasho la wakulima. Afrika Kusini ilikuwa miongoni mwa nchi 12 zilizotia saini Mkataba wa Antaktika mwaka 1959, na katika kituo chake cha SANAE huko Antaktika inayo rada yake, mmoja wa mtandao ule wa SuperDARN. Kituo chao cha sumaku kilianza Cape Town mwaka 1932, katika Mwaka ule ule wa Ncha uliompeleka Appleton Tromsø. Treni za umeme zilipoanza kukivuruga, wakakihamishia Hermanus, kikaanza kazi huko mwaka 1941. Novemba 2022 walifungua hapo kituo kinachoangalia hali ya anga la juu saa 24, na tahadhari zake zinaweza kulitumikia bara letu zima. Addis Ababa nako wanapima sumaku ya dunia tangu 1958. Watu hawa wanakula ugali na injera kama sisi tunavyokula ugali na wali, na jembe hawakuliacha.

Wala sisemi tununue sahani ya mita 42. Vipimo vya rada hizi husomwa na wanasayansi wa nchi nyingi, na kipokezi cha GPS cha kupimia ionosfea hakizidi bei ya magari tunayowanunulia wakubwa. Kinachokosekana si fedha. Katika chuo kimoja ninachokijua, maabara ya fizikia iligeuzwa ghala la viti vibovu, na hakuna aliyeuliza. Katika mitihani tumemtaka mtoto aandike kwamba ionosfea ni tabaka la hewa linalorudisha mawimbi ya redio. Akiandika hivyo anapata alama yake, na kesho yake anaamini kwamba rada huleta mvua, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha kwamba tabaka hilo liko wapi na mvua iko wapi. Tumemjaza maneno hatukumpa vipimo. Mtoto aliyeambiwa kilometa 17 na kilometa 300, akazichora kwa rula kwenye ukuta wa darasa, hadanganywi tena na mtu yeyote wa barazani.

Ninawataka walimu vijana wafanye hivyo. Chukueni chaki, chukueni sumaku ya spika mbovu na chenga za fundi. Chora ukutani sentimeta moja kwa kila kilometa: Kilimanjaro itafika kwenye kifundo cha mguu wa mtoto, mvua yote haitapita goti lake, na ionosfea itaanza karibu na kimo cha mkono wake, ipite dari la darasa. Kisha mwambieni awaulize wazazi wake nyumbani habari za rada za ncha. Wazazi wakijibu kwa hasira, na aulize tena kwa adabu. Kuuliza si ujinga.